Ndege Niliyoifukiza Udi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa Makunduchi, na shida ikaanza siku ile ile. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili ijulikane nilikotoka, maana wako wanaoniona leo nateremka garini pale uwanja wa ndege wakadhani nilizaliwa nalo.

Ilikuwa miaka ya foleni. Unapanga foleni ya mchele, unapanga foleni ya sukari, na ukifika mbele unaambiwa vimekwisha. Mama hakuweza kutulisha sote. Akanileta mjini kwa shangazi yangu, Mkunazini, na skuli ikaishia hapo, darasa la tatu. Shangazi alikuwa anashona kofia za mkono, zile nyeupe za vijitundu, kila kijitundu kimezungushiwa uzi. Akanipa sindano akaniambia, "Mwanangu, hapa halali mtu na tumbo tupu, wala hali mtu na mikono mitupu." Kofia moja nzuri ilinichukua mwezi na zaidi. Nikikosea, anafumua yote mbele yangu.

Niliolewa, nikaachwa, nikaolewa tena, nikafiwa. Hayo sitayaandika.

Hoteli za wageni zilipoanza kuota pwani kama uyoga nikaacha kofia nikashika mito. Mito ya vibaraza, magodoro ya vitanda vya jua, makochi. Nilikodi chumba cha chini hapo hapo Mkunazini, nikaweka cherehani mbili, nikawachukua wanawake wa kunisaidia. Walipofika sita nikaona sasa mimi ni tajiri. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Siku moja akaja mtu na kifuko cha kiti kimechanika, amekikunjia gazetini. Alikuwa injinia wa kampuni moja ya ndege, ya mtu mmoja na familia yake, ndege zenyewe hazijazi mkono. Mzaliwa wa Ng'ambo, wazee wake walitoka bara, Jumapili utamkuta kanisani. Akaniuliza, "Mama, hiki unaweza?"

Nikamwambia, "Baba, kama kimeshonwa na mtu, naweza."

Akacheka. Halafu akatoa kiberiti mfukoni, akakata kipande cha kitambaa changu cha makochi, akakitia moto. Kikawaka kama kaa la nazi. Akatoa kipande cha kitambaa chake, akakitia moto. Kikasinyaa, kikazima. "Hiki chako kikipanda ndege," akaniambia, "mimi nafungwa." Nikajua hapo kuwa viti vya ndege si mito ya kibarazani. Kitambaa kinakuja na karatasi yake, imeandikwa kuwa hakishiki moto, sponji inakuja na karatasi yake, mimi nashona, yeye anakagua na kutia saini. Nikikosea anafumua. Ni yale yale ya shangazi.

Basi kwa miaka mingi nimeivisha ndege moja ya kampuni ile. Ilikuwa na viti thelathini na saba, mapangaboi mawili, na umri wa kumshinda binti yangu mkubwa. Kampuni ya kwanza iliyoinunua ni ya nchi ya baridi, ikauzwa, ikauzwa tena, ndiyo ikafika kwetu. Injinia akiiita "bibi". Kila ikirudi jioni akiiosha kwa maji baridi, tumbo na mbawa, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Vijana wakimcheka, wakisema anamkosha maiti. Yeye anaosha tu.

Miaka mitatu nyuma, mwezi wa Rajabu, mwenye kampuni akaniita ofisini. Ni mtu wa makamo, mtoto wa mjini, ana adabu. "Shikamoo Bi Fundi."

"Marahaba. Umeniita, nimekuja."

Akaniambia kuwa bibi anauzwa. Atachukua ndege mpya ya kukodi, ya viti sabini, italipiwa kila mwezi. Itakuja na viti vyake, na matengenezo yake yatafanywa nje kwa mkataba. Hakusema kuwa sisi tumekwisha. Hakuwa na haja. Wakati ule nusu na zaidi ya kazi yangu ilikuwa ile ndege, na wale wanawake sita wana watoto.

Aliyepiga hesabu zile ni mkwewe, mume wa bintiye, kijana aliyesoma hasa, na mimi sidharau aliyesoma. Nilimwuliza mbona. Akaniambia, "Bibi, ile ndege inakunywa mafuta. Na spea zake hazipatikani. Juzi imelala siku kumi na moja inasubiri kitu cha ukubwa wa kidole."

Nikamtazama injinia, naye ameitwa pale. Akatazama chini. Ilikuwa kweli.

Nilirudi nyumbani sikula. Asubuhi yake nikaenda uwanjani, nikaomba kuvua mito mitatu, wa kiti cha mbele, wa kiti cha katikati, wa kiti cha nyuma. Mito yote ya ndege ile nilikuwa nimeitia alama kwa ndani, uzi mwekundu, uzi wa bluu, nijue upi wa safu ipi, na sponji yote tuliibadilisha siku moja, umri wake ni mmoja. Nikaipakia kwenye teksi, nikaipandisha ofisini.

Mwenye kampuni alipoiona akasema, "Bi Fundi, umehamia?"

"Bonyeza huu."

Akabonyeza ule wa katikati. Ulikuwa umekwisha, umelala kama chapati.

"Na huu. Na huu."

Wa mbele na wa nyuma ilikuwa mipya bado, inarudisha mkono.

Mkwewe akasema, "Bibi, hii biashara ya ndege, si ya magodoro."

"Na wewe ukipanda ndege unakalia nini? Upepo?" Mwenye kampuni akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Abiria wakiwa wachache rubani huwataka wakae katikati, ndege isiinamie mbele wala nyuma. Mito ya katikati imekufa, ya mbele na nyuma mizima. Ndege yako ya viti thelathini na saba haijai, baba. Inajaa msimu wa wageni na inajaa karibu na sikukuu, basi. Leo unataka viti sabini? Masika hoteli zinafunga, mvua inanyesha, hiyo mpya italala uwanjani na kila mwezi inataka chakula chake, iruke isiruke. Bibi ushamaliza kumlipia. Akilala, amelala tu."

Nikaona nimewapata.

Halafu kijana akaniuliza, kwa adabu, sina la kumlaumu, "Na ukaguzi mkubwa, bibi? Mwakani lazima ifunguliwe sakafu yote. Kuifungua tu ni hela nyingi, na siku zote hizo hairuki. Na hakuna anayejua chini kuna nini. Ukishafungua ukakuta chumvi imekula mbavu, umetupa hela ya kufungua na ndege yenyewe umeitupa. Tukiiuza sasa, tunamwuzia mwenzetu huo wasiwasi."

Hapo alinishika. Nikamtazama injinia tena, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nnaamini iko nzima. Lakini kuamini si kuona."

Mwenye kampuni akaamua. Mnunuzi atakuja kuiona Idi ikipita. Akaniambia, "Ishonee nguo mpya, Bi Fundi, ipendeze."

"Niishonee sanda?"

"Ishonee nguo ya harusi. Inakwenda kwa mume mwengine."

Alisema kwa utani, na utani ule ukaniingia.

Tulishona Ramadhani nzima. Kitambaa cha bluu ya giza, chenye karatasi yake, na nilisema mshono wa safari hii hata mnunuzi akija na darubini hatoona uzi umekwenda upande. Tukamaliza ishirini na saba ya mwezi. Vifuko thelathini na saba vimekunjwa juu ya meza, vimepigwa pasi. Sasa nguo ya bibi harusi kwetu haitoki nyumbani hivi hivi. Inafukizwa. Nikaleta tenga la kufukizia, nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi wangu mwenyewe, niliopika kwa sukari na mawaridi, na nikafukiza kifuko kimoja kimoja.

Wanawake wakaanza vigelegele. Mmoja wao, mtu wa Tumbatu, mdomo wake haufungwi hata kwa kufuli, akasema, "Bi Mkubwa, na wewe unaolewa naye nini?"

"Mie nishaolewa mara mbili. Huyu bibi mara hii ya nne, kanishinda."

Tulicheka mpaka tukalia, na kulia kwenyewe kwa mwisho hakukuwa kwa kicheko.

Tukaenda kuvivalisha viti wenyewe, milango wazi, upepo unapita. Injinia alikuwa na mafua, pua imeziba, anapumulia mdomo. Akakagua mshono, akatazama karatasi, akatia saini. Mimi nikafunga chumba, nikaenda Makunduchi kula sikukuu na kusoma hitima ya mama. Simu yangu haina haja ya kuwaka Idi.

Idi mosi asubuhi bibi alikaa juani muda wa saa mbili milango imefungwa. Akapakia abiria wa Pemba, akaruka. Ndani mle kukapata joto, na udi wangu ukaamka. Mambo haya nilihadithiwa na mama mmoja wa Wete aliyekuwemo. Alisema harufu ilipopanda, abiria walifurahi, wakadhani kampuni imewafanyia Idi. Rubani hakuwa mtu wa pwani. Yeye alinusa moshi. Mhudumu wa ndege akapita mbio anagusa kuta, anafungua choo, anainama chini ya viti.

Yule mama akamwambia, "Mwanangu, tulia, hii harufu ya harusi."

"Bi, tafadhali kaa ufunge mkanda."

"Nshafunga. Mwambie na rubani afunge wake, asituangushe kwa udi."

Ndege ikageuzwa. Ikatua Unguja salama, magari ya zimamoto yanaikimbilia. Rubani akaandika kitabuni: harufu ya moshi angani. Na ndege ikishaandikwa hivyo haiondoki kwa maneno ya abiria, hata abiria wote wakiapa. Lazima itafutwe ilikotoka. Wakatafuta kwenye nyaya, kwenye injini, kwenye mabomba ya hewa. Hawakuona. Injinia pua imeziba, milango wazi udi umelala tena, vijana wake wanasema labda waya umeungua chini. Siku ya tatu wakavua viti wakaanza kufungua sakafu.

Mimi nilirudi mjini siku ya nne. Nikafungua simu. Nikaona nimetafutwa mara nyingi kuliko siku niliyofiwa.

Nilipofika, bibi alikuwa hana sakafu. Viti vimepangwa nje kama vya karamu. Mwenye kampuni amesimama, hajanyoa. Mkwewe ana karatasi mkononi. Mnunuzi ameahirisha safari. Wakanihadithia yote, na mimi nasikiliza. Nikakiendea kiti kimoja, nikainama, nikanusa.

Ningeweza kunyamaza, na hilo naliandika kama lilivyo. Vifuko vingepigwa na upepo siku mbili zaidi, harufu ingekufa, wangeandika hawakuona kitu. Hakuna ambaye angejua. Lakini niliiona ile sakafu iliyofunguliwa, na siku nne za watu, na nikajua kuwa kesho watafungua na paa.

"Jamani," nikasema, "acheni kutafuta. Ni udi wangu."

"Udi gani?" mwenye kampuni akauliza.

"Udi. Nilivifukiza. Ulisema nguo ya harusi."

Mkwewe alitupa karatasi chini. "Bibi! Siku nne! Umeteremsha ndege kwa chetezo?"

"Naam. Nimeiteremsha. Nimekosa."

Halafu nikasikia mtu anacheka chini, ndani ya tumbo la ndege. Injinia alikuwa amelala kifudifudi na tochi, na kichwa chake kikatokea baina ya mbavu. "Bosi," akasema, "kabla hujamfukuza huyu mama, njoo utazame alichotufungulia."

Tukapanda sote, tukakanyaga mbao walizoweka. Akamulika. Madini ya ndege hayashiki kutu nyekundu, yakioza hutoa unga mweupe, kama unga wa muhogo. Akamulika mbele, katikati, chini ya milango. Mbavu safi, zinang'aa. Chini ya choo ndipo palipokuwa na unga, mbavu mbili, na hiyo, alisema, ni ya kawaida, choo hula ndege zote. Kwengine kote hakuna. Ile miaka yote ya kumwosha bibi jioni ilikuwa imelala pale chini, na hakuna aliyewahi kuiona, hata mwenyewe.

Mwenye kampuni akapitisha kidole kwenye mbavu, akakitazama. Kidole kisafi.

"Sakafu imeshafunguka," injinia akasema. "Hela mliyoiogopa imeshatoka. Mleteni mkaguzi kutoka bara, tuumalize ukaguzi mkubwa hapa hapa, sasa hivi."

Mkwewe aliokota karatasi zake. Nilidhani atabisha. Akakaa juu ya kiti kimoja pale nje, kwenye kitambaa changu chenye udi, akapiga hesabu upya kuanzia mwanzo. Hesabu yake ya kwanza haikuwa na makosa ila moja, alikuwa ameweka bei ya woga mahali pasipojulikana. Sasa panajulikana. Mbavu mbili zina bei. Mafuta mengi yana bei. Viti sabini visivyojaa masika navyo vina bei, na hiyo aliiuliza kwangu, mto kwa mto, mwezi kwa mwezi, na aliandika nilichosema.

Mkaguzi alikuja, akagonga, akamulika, akakubali. Habari hazikai. Yule mnunuzi akapiga simu siku hiyo hiyo, anataka kuja kesho, na anaongeza bei. Mwenye kampuni akatutazama, simu iko kifuani, akauliza, "Mnasemaje?"

Mimi sikuulizwa peke yangu, lakini nilijibu mimi. "Juzi alikuwa hana haraka. Leo ana haraka. Kilichomtia haraka hicho ndicho usikiuze."

Mkwewe akasema, "Bibi kasema kweli. Na mimi nimefika hapo hapo, kwa njia ndefu."

Bibi hakuuzwa.

Vifuko vyote thelathini na saba injinia alivikataa. Kitambaa kikishaingia mafuta ya udi karatasi yake imekufa, hakuna anayejua kitawaka vipi. Sikubishana. Niliuza bangili mbili nikaagiza kitambaa kipya kwa hela yangu, na wanawake wangu wakashona mchana kutwa, chetezo nimekifungia kabatini ufunguo nnao mie. Vile vya kwanza tumevigeuza mito ya nyumbani. Ninayo minne. Bado inanukia.

Nilipokwisha kuvalisha nikapanda ofisini, nikakaa bila ya kukaribishwa. "Sasa nataka karatasi. Miaka mitano, viti, mito, mapazia, mazulia."

Mwenye kampuni akashika kichwa. "Bi Fundi, umetulaza siku tisa, na unataka mkataba?"

"Hasara yangu nshailipa, na vifuko unavyo. Siku tisa zile ungezilaza mwakani kwa bei kubwa zaidi, na ungezilaza kwa woga. Mie nimekupa bure. Tuzungumze kazi."

Mkwewe alikuwa wa kwanza kucheka. Akaiandika yeye karatasi. Akanisomea kila mstari, na pale nisipofahamu nikamrudisha. Mistari miwili nimeikata. Nikatia saini kwa jina langu lote, na injinia akawa shahidi.

Sasa imepita misimu mitatu ya masika. Kila masika bibi analala siku zake pale uwanjani, mvua inamwosha, hali wala hadai. Kiangazi anaruka Pemba na Dar mpaka magurudumu yanalia. Kampuni moja jirani ilichukua mpya za kukodi mwaka ule ule. Zilikuwa nzuri, nilizipanda, viti vyake laini. Masika ya pili wenye kuzikodisha walikuja kuzichukua. Sikufurahi kwa hilo, watu walipoteza kazi. Lakini aliyenunua moja ya ndege zao kongwe alinijia Mkunazini, na mwengine akamfuata.

Leo nina hivi.

Nyumba ya vyumba vinne Fuoni, imekwisha, hainidai mtu. Chumba cha kazi Mkunazini, cha kukodi bado, na chumba cha pili cha juu yake. Cherehani saba, mbili za kushonea ngozi. Meza ya kukatia ya mvule, futi kumi na mbili. Gari moja la mizigo, la mkono wa pili, injini nimeifungua nikaiona kabla sijalinunua. Ekari moja na nusu Makunduchi, ina minazi na muhogo. Wanawake kumi na mmoja kazini, nao si mali yangu, ila nawahesabu. Mikataba mitatu ya ndege tatu, zote kongwe, ya bibi imebaki miaka miwili.